Uzi uliofichwa ndani ya kitenzi

Kwa miongo mingi msafiri wa Sengerema au Geita aliyetoka Mwanza alifika Kigongo, akasubiri kivuko, akavuka ghuba hadi Busisi. Sentensi hiyo ina matendo matatu, tena haina hata "na" moja. Mwingereza akitaka kusema hayohayo, ulimi wake hautatulia mpaka atie "and" mahali fulani. Tofauti hiyo ndogo ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita kwenye Ghuba ya Mwanza. Ninachodai ni hiki: Kiswahili kilikuwa na uzi wake wa kushonea habari ndani ya kitenzi chenyewe, na ile "na" inayosimama leo kati ya sentensi mbili kamili magazetini na maofisini, kwa sehemu kubwa, ni zao la kufasiri Kiingereza.

Katika mazungumzo ya kila siku Kiingereza huunga sentensi kwa maneno machache mafupi: "and", "but", "or", "so". Zigo zito zaidi hubebwa na "and". Mara humaanisha kilichofuata, mara sababu, mara sharti, na msikilizaji ndiye anayekisia. Kiswahili kiligawa kazi hizo. "Na" yake asili ni ya kuweka vitu pamoja: Kigongo na Busisi, haba na haba. Tendo linapofuata tendo, "-ka-" ya ndani ya kitenzi, kama ile ya "akasubiri", inatosha. Lengo likitakiwa, husemwa "njoo nikupe", si "njoo na nitakupa". Hata onyo ambalo Mwingereza angeliunga kwa "or", yaani ziba ufa au utajenga ukuta, wahenga walilitia ndani ya kitenzi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopita upande wa mashariki wa ghuba hii hadi Mwanza, mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akaishi India. Wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Kwa hiyo wazo la Kiingereza lilipaswa kuvuka Kihindustani, likaingia Kiswahili, ndipo limfikie mwenyeji. Katika safari kama hiyo maneno ya kuungia ndiyo hupotea kwanza, kwa kuwa kila lugha ina fundo lake. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni Bukumbi, si mbali na Kigongo, na kazi ya kufasiri ikapata makao ya kudumu. Ni rahisi kuwatwisha wamisionari lawama za kila sentensi yenye harufu ya Ulaya, lakini ushahidi unawatetea. Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, alikwisha kutambua kwamba "-ka-" imebeba maana ya "and" ndani yake. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, sura ya kwanza ya Mwanzo inaanza karibu kila aya kwa "And". Katika Biblia ya Kiswahili ya 1952 kazi hiyohiyo inafanywa na "-ka-". Wafasiri hao waliusikia mdundo wa lugha, wakaufuata.

"Na" ngeni iliingia kwa mlango mwingine. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Kiingereza kikawa lugha ya ngazi za juu za serikali na ya sekondari. Hata baada ya uhuru, mtu aliyesomea kwa Kiingereza akafika ofisini kuandika kwa Kiswahili aliendelea kufikiri kwa mishono ya Kiingereza. Tazama sentensi hii: "Serikali ilijenga daraja na wananchi walianza kulitumia." Msomaji akifika kwenye "na wananchi" anadhani serikali ilijenga daraja pamoja na wananchi. Kitenzi cha pili kinamlazimisha arudi nyuma aanze upya. Hakujikwaa kwa uzembe: sikio lake limezoea kwamba "na" ikitangulia jina, inaleta mwenzi. Sema "Serikali ilijenga daraja, wananchi wakaanza kulitumia", hajikwai tena.

Atatokea wa kusema kwamba lugha hukopa, na kwamba "lakini", "au", "wala" na "bali" zote ni za Kiarabu. Ni kweli. Ila zile zilikuja na kazi mahususi, ya kupinga, ya kuchagua, ya kukanusha mara mbili, zikakaa vizuri kando ya kitenzi. "Na" ya ofisini inakuja kufanya kazi ambayo "-ka-" ilikuwa ikiifanya vizuri zaidi. Mwingine atasema wazee nao waliunga vitenzi kwa "na". Naam, lakini angalia walivyofanya: waliimba na kucheza. Kitenzi cha pili kilivuliwa nafsi na njeo kikawa kama jina, kwa hiyo "na" ilibaki kwenye kazi yake ya asili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba "-ka-" ni ya mfuatano, haifai kwa mambo mawili yanayokwenda sambamba. Hapo nakubali, ila hata hapo lugha haikuachwa mikono mitupu: "huku" ipo, na "na" yenyewe hukubali kuunga sentensi mradi ishikamane na nafsi. Tunasema "nao wananchi walilisubiri", na hakuna anayejikwaa.

Daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na foleni ya kivuko ikabaki simulizi. Msafiri wa leo anafika Kigongo, anapita, anaingia Busisi. Kitenzi cha kusubiri kimetoka kwenye sentensi yake, wala hakikuacha pengo la kuzibwa kwa "na".