Divai nyekundu za Italia: Mche husafiri, jina la mahali hubaki

MNUNUZI wa omena katika ufuo wa Luanda Kotieno, Kaunti ya Siaya, hutaka kujua kwanza zilianikwa wapi: juu ya nyavu ama mchangani. Nchini Italia, divai nyekundu huulizwa swali kama hilo: imetoka wapi?

Sheria ya mwaka 1963 ilianza kulinda majina ya maeneo ya divai kwa alama ya DOC. Daraja la juu zaidi ni DOCG. Barolo na Brunello di Montalcino zilikuwa miongoni mwa divai za kwanza kulipata, mwaka 1980.

Barolo hutoka Piemonte, kaskazini magharibi, na hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo pekee. Rangi yake ni hafifu ila ukakasi wake ni mkali. Hivyo basi, ni sharti ihifadhiwe angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa katika mapipa ya mbao.

Toscana, Italia ya kati, ni makao ya zabibu za Sangiovese. Chianti Classico huwa nazo kwa asilimia 80 au zaidi, na Brunello ni Sangiovese tupu. Uchachu wake huandamana vyema na nyama choma.

Veneto, kaskazini mashariki, ina Amarone. Zabibu zake, mfano wa omena, huanikwa kwanza, lakini kwa takriban miezi mitatu, vichanjani ndani ya maghala yenye hewa. Maji hupungua, sukari hukolea, na kileo hufika asilimia 14 au zaidi.

Kusini, zabibu za Aglianico hutoa Taurasi katika jimbo la Campania, nayo Sicilia yenye jua kali hujivunia Nero d'Avola.

Aglianico imevuka bahari na kupandwa Hombolo, mkoani Dodoma, Tanzania. Hata hivyo, divai yake haiwezi kuitwa Taurasi, kwa kuwa jina hilo ni mali ya wakulima wa Campania.

Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, inayo zabibu yake nyekundu, Makutupora. Funzo la Italia kwa mkulima wa huko, na hata kwa mvuvi wa Luanda Kotieno, ni moja: bidhaa bora isiyo na jina la kwao humtajirisha dalali.