Picha za Vitu na Majina ya Watu: Irma Stern Katika Unguja

Liko fungu la picha ambalo ndani yake hamna mtu, wala vita, wala safari, bali vitu tu vilivyowekwa mezani: matunda katika bakuli, maua katika chungu, kisu, kitambaa. Waholanzi wa karne ya 17 waliliita fungu hilo kwa neno lenye maana ya uhai uliotulia, na Wajerumani wakawafuata. Wafaransa wakaliita asili iliyokufa, na Warusi wakalitwaa neno la Kifaransa jinsi lilivyo. Hapa litaitwa picha ya vitu. Tofauti ya majina hayo si mchezo wa maneno. Bakuli lile lile la machungwa huhesabiwa kuwa hai na mmoja na kuwa mfu na mwenziwe, na hukumu hiyo haimo katika bakuli bali katika jina. Jambo hili yafaa likumbukwe mtu anapochungua kazi ya Irma Stern, mchoraji wa Afrika ya Kusini aliyefika Unguja mara mbili, mwaka 1939 na mwaka 1945, na ambaye picha zake za huko zimekwenda mbali kuliko majina ya watu waliomo ndani yake.

Irma Stern alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Schweizer-Reneke, Transvaal, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ujerumani. Utoto wake uligawanyika baina ya nchi hizo mbili. Alijifunza uchoraji Weimar na Berlin, na huko Berlin akapata urafiki na uongozi wa Max Pechstein, mmoja wa wachoraji walioshikilia kwamba rangi isitumike kuiga tu kile kionekanacho, bali itumike kudhihirisha kile kinachohisiwa. Mwaka 1920 alirejea Cape Town. Maonyesho yake ya kwanza mjini humo, mwaka 1922, yalidhihakiwa na magazeti, kwa kuwa watazamaji walizoea mandhari za milima na bahari zilizopakwa kwa upole. Miaka ilipita kabla ya dhihaka hiyo kugeuka kuwa sifa. Tangu mwaka 1927 aliishi katika nyumba yake iitwayo The Firs, na alikaa humo hata alipofariki mwaka 1966. Nyumba hiyo ikafanywa makumbusho, nayo ikafunguliwa kwa watu.

Katika nyumba hiyo ndiko zilikotokea picha zake nyingi za vitu. Alikusanya vyungu, vinyago, mabakuli, vitambaa na viti vya nchi mbalimbali, akavipanga mezani pamoja na maua ya bustani yake, akavichora kwa rangi nzito iliyopakwa upesi. Miongoni mwa mali zake kilikuwamo kigoda cha Waluba kutoka Kongo, kazi ya fundi ambaye wataalamu humtaja kwa kijiji cha Buli tu. Kwa hiyo safari zake na meza yake havitenganiki. Hitler aliposhika serikali mwaka 1933, mlango wa Ujerumani ulifungwa kwa Myahudi kama yeye, na vita vya mwaka 1939 vikaufunga mlango wa Ulaya nzima. Ndipo alipoielekea Afrika: Unguja, kisha Kongo mwaka 1942, kisha Unguja tena. Safari hizo zilizaa vitabu viwili alivyoviandika na kuvitia picha mwenyewe, kimoja juu ya Kongo, kilichotoka mwaka 1943, na kingine juu ya Zanzibar, kilichotoka mwaka 1948.

Unguja aliyoikuta ilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Harub na ulinzi wa Waingereza. Alichora wazee wa Kiarabu wenye vilemba na majoho, wanawake wa Kihindi, mabaharia, wauza matunda. Tena alirudi na mbao. Picha zake nyingi za Unguja zimetiwa katika fremu zilizotengenezwa kwa mbao za nakshi za kisiwani, za namna ile ile ipambayo milango ya Mji Mkongwe. Milango mizima pia ilisafiri hata nyumbani kwake Cape Town.

Hapo mtaalamu wa lugha ana la kusema. Mlango wa Unguja si ubao mmoja wenye mapambo. Una miimo yake miwili, una kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, una mfaa unaosimama katikati na kuzifunika mbao mbili zinapokutana, na kila sehemu ina nakshi yake: yungiyungi, mnyororo, samaki, mtende. Fundi aliyechonga mwimo alijua kwamba anachonga mwimo. Ubao huo ulipokatwa na kupigwa misumari kuzunguka picha, ukawa fremu ya Zanzibar, basi. Nakshi ilibaki ionekane vizuri kabisa, lakini neno halikusafiri pamoja na mti, na aitazamaye leo katika makumbusho hana njia ya kujua kama anatazama mwimo au kizingiti.

Lililoupata ubao liliwapata na watu. Katika orodha ya kazi za Stern, picha za maua hutajwa kwa usahihi wa mtunza bustani: hii ni ya gladioli, ya mwaka 1939; hii ni ya magnolia katika chungu cha udongo, ya mwaka 1949. Picha za watu hutajwa kwa jinsi nyingine. Ile mashuhuri kupita zote za Unguja, ya mwaka 1945, ina jina la Kiingereza ambalo likifasiriwa ni Kasisi wa Kiarabu. Iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Lakini Uislamu hauna kasisi. Unguja kulikuwa na kadhi, imamu, mwalimu wa chuo, shehe na sharifu, na kila mmoja alikuwa na kazi yake na heshima yake, wala asingechanganywa na mwenziwe na mtoto wa mtaani. Mzee yule alikuwa mmoja wa hao, au labda hakuwa hata mmoja, ila jina la picha limeufunga mlango wa kuuliza.

Picha nyingine ya mwaka huo huo ni ya msichana wa Kibohora, na jumuiya yake imeandikwa kwa tahajia ya kubahatisha. Ajabu kubwa zaidi ni ile ya mwaka 1943 iitwayo Malkia wa Watussi. Kiambishi wa- kilicho mwanzoni mwa neno hilo ni chetu: ni kiambishi cha wingi ambacho wasafiri wa Ulaya walikisikia katika Kiswahili, wakakiganda katika lugha zao bila kukijua. Na aliyechorwa alikuwa na jina. Wanahistoria wa sanaa humtambua kuwa Rosalie Gicanda, mke wa Mutara Rudahigwa, mfalme wa Rwanda. Bibi huyo aliuawa Butare mwezi wa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, yaani aliuawa kwa sababu ya lile jina la jumla, wala si kwa sababu ya lile lililo lake.

Huenda ikajibiwa kwamba hiyo ilikuwa desturi ya soko la picha, na kwamba mnunuzi wa Cape Town au London hakutaka jina la mtu asiyemjua. Jibu hilo lina ukweli. Vladimir Tretchikoff, aliyezaliwa mwaka 1913 huko Petropavlovsk katika dola ya Urusi, alihamia Cape Town mwaka 1946 akatajirika kwa nakala za picha zake za maua na za watu. Iliyotangaa kupita zote ni ile ya msichana wa Kichina, aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1950. Msichana huyo alikuwa mkazi wa Cape Town, aliyekuwa akifanya kazi katika dobi la mjomba wake. Baada ya miongo mingi watu walijua kwamba ndiye Monika Pon-su-san, naye akapata kusimulia habari zake kabla ya kufariki mwaka 2017. Desturi ilikuwa moja, ila kwa Monika kulikuwa na waliouliza angali hai.

Tena yawezekana kwamba baadhi ya waliochorwa Unguja walipendelea kutotajwa, hasa wanawake waliokaa ndani. Stiri ni haki yao. Lakini stiri huchaguliwa na mwenye uso, na kumwita mtu kwa kabila lake si kumsitiri.

Uzito wa jambo hili waonekana katika picha moja ya safari ya kwanza, ya mwaka 1939, yenye sura ya Mwarabu aliyevaa nguo nyeusi. Picha hiyo ilitolewa iuzwe ili kusaidia gharama za utetezi katika kesi ya uhaini ya Afrika ya Kusini, iliyodumu tangu mwaka 1956 hata mwaka 1961, na ambayo Nelson Mandela alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Baadaye ilionekana London katika jiko la nyumba ya mtu, ikitumika kama ubao wa kubandikia barua na karatasi, na mwaka 2015 ikauzwa kwa zaidi ya pauni 800,000. Kwa hiyo sura ya mtu wa Unguja ilichangia kuwatetea wapigania uhuru wa nchi ambayo huenda hakupata kuiona, nasi hatuna neno la kumshukuru nalo ila rangi ya nguo zake.

Funzo lililomo halikomei pwani. Mtu akipanga meza ya picha ya vitu huko Bunda, mkoani Mara, hatakosa vya kupanga: dagaa wakavu wa ziwani, pamba iliyopasuka, ulezi, kibuyu, chungu cha maji na chungu cha kupikia. Vitu hivyo vina majina katika Kijita, Kiikizu na Kisukuma, na chungu kimoja huweza kuwa na majina matatu kwa kadiri ya ukubwa na kazi yake. Katika vibandiko vya makumbusho vyote hugeuka kuwa chungu cha Kiafrika. Wanaokusanya msamiati wa lugha hizo wanafanya kazi ya historia ya sanaa, hata wasipokusudia. Chungu kikiletwa katika chumba cha makumbusho, yafaa kibandiko chake kitaje kwanza jina alilokiita mfinyanzi, kisha jina la mfinyanzi mwenyewe akiridhia, kisha kijiji na mwaka. Mambo hayo manne huenea katika karatasi isiyozidi upana wa kiganja, na wa kuyajibu, wengi wao wazee, wangaliko.