Mto wa Chini kwa Chini na Madeni ya Mtunzi

Wasomaji wa Uingereza walionunua riwaya ya Allan Quatermain mwaka 1887 walikuta, baada ya hadithi kwisha, maelezo ambayo watunzi wa riwaya wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuyaandika. H. Rider Haggard alitaja alikochota. Alimshukuru msafiri Joseph Thomson kwa kitabu chake cha safari ya Umasaini, akamshukuru ndugu yake John Haggard aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu, na shemeji yake kwa kumtungia beti. Kisha akagusa jambo lililomtia wasiwasi. Katika hadithi yake umo mto unaopita chini ya ardhi, na mto wa namna hiyo ulikuwemo tayari katika kitabu mashuhuri cha zamani, Peter Wilkins. Haggard alisema kwamba alipokuwa akiandika, kitabu hicho hakuwa amekisoma.

Wasiwasi huo una sehemu yake Kiambere, kule Mbeere Kusini nchini Kenya. Mto ambao mashujaa wa Haggard wanaupanda kwa mitumbwi ni Tana, ule ule unaotenganisha Embu na Kitui chini ya vilima vya Kiambere, na mlima wanaouelekea ni Mlima Kenya.

Sababu ya kujihami ilikuwa ya karibuni. Haggard alikuwa amepata umaarufu kwa kasi kubwa: Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1885, She ikafuata, na mapema mwaka 1887 ikatoka Jess. Hapo gazeti la Pall Mall Gazette la London likaanza kumshambulia. Liliuliza She ametoka wapi, likamlinganisha na vitabu vya waliotangulia, kisha likafichua kwamba shairi lililomo ndani ya Jess halikuwa lake. Haggard alijieleza kwamba alitumiwa shairi hilo na rafiki bila kujua mtunzi ni nani. Mhakiki Andrew Lang, rafiki yake, aliandika makala mwaka huohuo kumtetea, akishikilia kwamba visa na mandhari ni mali ya wote na kwamba kazi ya mtunzi hupimwa kwa namna anavyovitumia. Lakini doa lilikuwa limeshaingia. Ndiyo maana maelezo ya mwisho wa Allan Quatermain yanasomeka kama maneno ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, akaona afadhali aziseme mwenyewe hata zile fanano ndogo kabisa. Alitaja mpaka tukio la Umslopogaas, mmoja wa mashujaa wa hadithi, kumchezea mpishi Mfaransa shoka karibu na uso, kwa kuwa lilifanana na tukio la upanga katika riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1874.

Hadithi yenyewe inaanzia Lamu. Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good wanaajiri wapagazi, wanampata Umslopogaas na shoka lake, wanaingia Tana na kupanda juu. Wanashambuliwa usiku na Wamasai, wanafika kituo cha mmisionari Mskoti, na kutoka kituoni hapo Mlima Kenya unaonekana. Wanapigana vita vya kumwokoa binti wa mmisionari aliyetekwa. Kisha wanaupita mlima, wanafika kwenye ziwa, na huko mtumbwi wao unavutwa na mkondo mpaka ndani ya pango lenye giza. Wanasafirishwa chini ya mwamba, wanapita kwenye nguzo ya moto, na mwisho wanatokea katika nchi iliyofichika iitwayo Zu-Vendis.

Katika Peter Wilkins, kilichoandikwa na Robert Paltock na kuchapishwa mwaka 1751, baharia anavutwa vivyo hivyo na maji mpaka ndani ya mwamba, anaelea gizani kwa muda mrefu, kisha anatokea kwenye ziwa lililozungukwa na majabali ambako wanaishi watu wenye kuruka. Aliyesoma vyote viwili hawezi kukosa kuona ufanano. Hata hivyo hakuna sababu ya kukataa neno la Haggard. Mtunzi anayetaka kuificha nchi asiyoijua mtu ana njia chache za kumfikisha shujaa wake huko: apande mlima usiopandika, avuke jangwa, au apite chini ya ardhi. Mlima na jangwa Haggard alikuwa ameshavitumia katika Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Nchi halisi ilikuwa na mambo yake, na baadhi yalishinda riwaya. Mwaka 1886, wakati kitabu kimeshaandikwa lakini hakijatoka, Wamasai walishambulia kituo cha misheni ya Methodisti cha Golbanti, karibu na mdomo wa Tana, wakamuua mmisionari John Houghton na mkewe. Haggard aliongeza tanbihi kuwaambia wasomaji kwamba mauaji hayo yalitokea baada ya hadithi kuandikwa. Mtu aliyekuwa akiogopa kudaiwa kwamba ameiga kitabu alijikuta akilazimika kueleza kwamba hakuiga habari za magazeti.

Kwenye mto wenyewe alikosea. Tana ina urefu wa takriban kilomita 1,000, na nahodha wa mtumbwi anaweza kuipanda mbali kupitia nchi ya Wapokomo. Lakini kadiri unavyosogea kuelekea Tharaka na Mbeere mto unabadilika. Unashuka kwa ghafla juu ya mawe, unapasuka kwenye maporomoko, na mtumbwi hauna la kufanya hapo. Mteremko huo ndio uliowaleta wahandisi: Kindaruma ilianza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, bwawa la Masinga likakamilika mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Huko Kiambere maji huacha njia yake ya asili, huingia kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, huzungusha mitambo, ndipo hurudi mtoni. Miaka 101 baada ya riwaya kutoka, hapo Kiambere sehemu ya Tana ikawa kweli inapita chini kwa chini, bila ya Paltock wala Haggard kuwa na mkono hapo.

Haggard hakuwahi kuiona sehemu hii. Thomson pia hakupita Mbeere. Safari yake ya 1883 na 1884 ilimpeleka Laikipia, akauona Mlima Kenya kwa upande wa magharibi. Mzungu aliyekuwa ameyakaribia maji haya kwa miguu yake ni Johann Ludwig Krapf, na alilipia vikali. Agosti 1851 alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Ukambani, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu iliuvuka mto na kufika kwa watu wa upande wa Mlima Kenya. Karibu na Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, wenziwe wakatawanyika. Krapf alibaki peke yake porini akiwa na kiu. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akawa hana chombo cha kubebea maji. Akajaza ala ya ngozi ya darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani, akaanza kurudi Ukambani akitembea usiku na kujificha mchana. Njiani maji mengine yakavuja.

Kivoi aliijua njia hiyo kabla ya Krapf kuisikia. Watu wa Mbeere na Wakamba walikuwa wakivukiana mto kwa biashara, kwa ndoa na kwa kutafutiana chakula wakati wa njaa. Hapo ndipo orodha ya madeni ya Haggard inapoonekana fupi mno. Alimtaja Thomson, lakini Thomson hakufika Umasaini kwa akili yake pekee. Alisafiri na mkalimani Muhinna, akaungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyeifahamu bara kwa miaka mingi. Kabla yao, mwaka 1870, jarida la Jumuiya ya Kijiografia ya London lilichapisha njia za misafara kutoka pwani hadi bara zilizoandikwa na mmisionari Thomas Wakefield. Habari nyingi za njia hizo zilitoka kinywani mwa msafiri wa pwani, Sadi bin Ahedi, na Wakefield alikuwa na uungwana wa kumtaja katika kichwa cha makala. Kufikia wakati zinaingia katika riwaya, habari za aina hiyo zilikuwa zimeshapoteza majina ya wenyewe.

Mmoja wa watu ambao Haggard alichota kwao alidai haki yake. Umslopogaas wa hadithi alipewa jina na sura ya mtu wa kweli, Mswazi aliyeitwa Mhlopekazi, ambaye Haggard alifahamiana naye Afrika Kusini katika msafara wa Theophilus Shepstone. Haggard alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba mzee huyo alipoambiwa kuwa jina lake limo vitabuni na vitabu huleta fedha, alisema nusu ya fedha hizo ingefaa iwe yake. Haggard alimpelekea kisu cha kuwindia kilichochorwa jina lake.

Vitabu hivi vilirudi Afrika Mashariki kwa njia ya shule. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 na Frederick Johnson, na vizazi vya wanafunzi vikasoma Haggard pamoja na Stevenson. Ngugi wa Thiong'o amemtaja Haggard miongoni mwa waliosomwa shuleni utotoni mwake. Riwaya yake ya mwaka 1965, The River Between, ina migongo miwili ya milima, Kameno na Makuyu, na mto Honia katikati. Tangu hapo mtunzi kijana wa Embu au Meru anayeandika habari za migongo miwili na mto huogopa kuambiwa kwamba amemwiga Ngugi.

Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Miteremko ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mito hivyo: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, kila mmoja na bonde lake na watu wake wa ng'ambo. Mtunzi wa Runyenjes akiuacha mto nje ya hadithi yake, wenyeji hawataitambua nchi. Akishuka hadi Kiambere, ardhi yenyewe inamwondolea ufanano, kwani hapo ni nchi kavu ya migunga, mawele na mbuzi, na mto uko mbali chini ya vilima. Kitu ambacho hawezi kukichukua bure ni simulizi ya mtu.

Kwa hilo Mbeere ina hazina yake. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwahoji wazee kuhusu koo, vita, njaa na misafara, akatoa The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973, na mwaka uliofuata akatoa Embu Historical Texts, kitabu kinachoyaweka mahojiano hayo mbele ya msomaji. Anayetunga riwaya ya Kiambere leo anaweza kuanzia kwenye kurasa hizo, kisha ashuke vijijini akawasikilize watoto na wajukuu wa wazee hao, na mwisho wa kitabu chake awataje kama Haggard alivyomtaja Thomson.