Fedha za Carnegie na Filamu za Vugiri

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha filamu kilichogharimiwa hasa na wakfu wa Carnegie wa New York, yaani taasisi ya hisani inayotumia mtaji wa tajiri mmoja kwa shughuli za elimu. Fedha hizo zilipitia Baraza la Kimataifa la Wamisionari, nao Leslie Notcutt na Geoffrey Latham ndio waliosimamia kazi hiyo. Zilitengenezwa filamu 35 juu ya afya, kilimo na uwekaji wa akiba, zikiwa mchanganyiko wa picha za maisha halisi na visa vya kuigizwa, kama kile cha mtu aliyefukia fedha zake ardhini zikaibwa, ilhali mwenzake alizipeleka zake posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha filamu zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Waafrika waliigiza na kusaidia kazi za ufundi, lakini mada ziliamuliwa na wageni waliomdhania mtazamaji wa kijijini kuwa na akili ya kitoto, dhana ya dharau iliyoudhoofisha mradi mzima. Ruzuku ilipokwisha na serikali za kikoloni kukataa kuubeba mzigo huo, kituo kilifungwa. Hata hivyo, dhana ile ilirithiwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa na Uingereza mwaka 1939.