Neno "Kafiri" na Mfarakano wa Basra: Watu wa Kiasi Mbele ya Wachupa Mipaka

Katika mijadala juu ya siasa kali ndani ya Uislamu, mara nyingi huulizwa: watu wa kiasi wako wapi, na mbona hawasemi? Swali hili hudhania kwamba mvutano wenyewe ni mpya. La hasha. Umri wake wakaribia umri wa dini yenyewe. Katika makala haya mafupi twakusudia kuutazama mfarakano mmoja wa karne ya kwanza ya Hijria, uliotokea Basra, kusini mwa Iraki, na kuonyesha kwamba kiini chake kilikuwa maana ya neno moja: kafiri. Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kisa hiki kina fundisho la pekee.

Yafaa kwanza kueleza chanzo. Mwaka 656 Khalifa Uthman bin Affan aliuawa mjini Madina, na Ali bin Abi Talib akashika ukhalifa. Muawiya, gavana wa Shamu, hakumkubali. Majeshi yao yalipambana Siffin, karibu na mto Furati, mwaka 657, kisha pande mbili zikaafikiana kuwaachia waamuzi wawili shauri hilo. Baadhi ya watu wa Ali walichukizwa, wakanadi kwamba hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Ali, kama mapokezi yasimuliavyo, alijibu kwamba neno lenyewe ni la haki, ila lakusudiwa batili. Watu hao wakajitenga, na wapinzani wao wakawaita Khawariji, yaani waliotoka. Ali aliwashinda Nahrawan mwaka 658; mwaka 661 mfuasi wao mmoja, Ibn Muljam, alimpiga upanga mjini Kufa, naye akafa.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba waliojitenga walikuwa na rai moja. Basra palikuwa na Abu Bilal Mirdas, mcha Mungu aliyeulaani udhalimu wa watawala wa Banu Umayya, lakini akakataa kumwinulia upanga mtu asiyemwanza. Aliuawa na majeshi ya serikali mnamo mwaka 61 wa Hijria. Kifo chake kiliwatia wengi uchungu, na uchungu huo ukazaa njia mbili. Mwaka 64 wa Hijria (683–684), baada ya kufa Khalifa Yazid na utawala kulegea, njia hizo zikaachana waziwazi.

Njia ya kwanza iliongozwa na Nafi bin al-Azrak. Hoja yake ilikwenda ngazi kwa ngazi. Atendaye dhambi kubwa ni kafiri. Kafiri ni sawa na mshirikina. Damu na mali ya mshirikina adui ni halali. Basi Mwislamu asiyekuwa upande wetu ni halali kuuawa. Hata wenzao waliokubali itikadi lakini wakabaki majumbani mwao, badala ya kuhamia kambini, walihesabiwa makafiri. Wake na watoto wa wapinzani hawakusalimika. Kutokana na hoja hii likaja tendo lililoitwa istiradhi: kumsimamisha mtu, kumhoji imani yake, na kumuua jibu lake lisiporidhisha. Aliyetaka kujiunga nao naye alitiwa mtihanini kwanza.

Njia ya pili ilikuwa ya wale waliokataa kutoka na Nafi. Miongoni mwao mapokezi humtaja Abdallah bin Ibadh, ambaye Maibadhi wamepewa jina lake, na mwanachuoni Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Omani. Watu hawa hawakuwa wapole kwa watawala, wala hawakusema kwamba dhambi ni jambo dogo. Walilolikataa ni ile ngazi ya pili ya hoja. Walisema kwamba kufuru ni za namna mbili: kufuru ya shirki, imtoayo mtu katika umma, na kufuru ya neema, yaani kutomshukuru Mungu kwa mema yake. Mwislamu mwenye dhambi kubwa yumo katika hii ya pili. Basi huoana naye, hurithiana naye, humzika. Wala mali yake si ngawira, wala watoto wake si mateka.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na tofauti hii. Mtu akinung'unikia riziki yake twamwambia, "Usikufuru!" Hatuna maana kwamba ameiacha dini, twamkumbusha shukrani. Maana zote mbili zimo katika Kiarabu cha Kurani, ambamo kufuru mara husimama kinyume cha imani, mara kinyume cha shukrani. Nafi aliifuta maana moja ili ibaki ile iuayo. Wapinzani wake waliirudisha. Kazi yao ilikuwa ya mfasiri na ya mwanasheria kwa pamoja, na matunda yake yalikuwa roho za watu.

Mwisho wa njia hizo mbili wajulikana. Nafi aliuawa vitani mwaka 685, na wafuasi wake wakaandamwa na al-Muhallab bin Abi Sufra hata wakatoweka kabla ya karne ile ya Hijria kwisha. Maibadhi walijenga uimamu Omani karibu na mwaka 750 na dola ya Tahert katika Aljeria ya leo, na madhehebu yao yakafika Unguja, ambako chini ya masultani kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni walihukumu katika mji mmoja. Wao wenyewe hukataa kuitwa Khawariji, na historia hii yawapa haki.

Lakini tusipambe. Kiasi si tabia ya kuzaliwa nayo, wala madhehebu hairithi kama shamba. Katika Unguja hiyo hiyo Sayyid Barghash alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni wa Mombasa, kwa ajili ya mafundisho yake, naye akafunguliwa baada ya Sultani kufariki mwaka 1888. Kila kizazi hudaiwa kukichagua kiasi upya.

Nasi tumedaiwa. Istiradhi imefika kwetu kwa jina jingine: Mandera mnamo Novemba 2014, abiria 28 walitengwa kwa dini yao na kuuawa, Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi kama hawa tunaowafundisha. Desemba mwaka huo huo basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, na Waislamu wakaamriwa kujitenga na Wakristo. Walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafa kwa jeraha hilo Januari 2016.

Anayeuliza watu wa kiasi wako wapi na asome habari za Basra, kisha habari za basi lile. Katika vyote viwili waliosimama hawakuwa watu walioipunguza dini yao. Walikuwa watu wa ndani, wenye Kitabu kile kile, waliokataa kumwachia mwenye silaha haki ya kufasiri neno.