Karatasi ya Kale na Moto wa 1908

Anayetaka karatasi ya kale kwenye kompyuta hahitaji muda mrefu. Katika GIMP unafungua tabaka la rangi ya chai ya maziwa, unalitia madoa kwa brashi pana, unachonga ukingo usio sawa, kisha unaupaka kahawia, halafu weusi, mpaka uonekane umelambwa na moto. Katikati unaacha nafasi safi ya maandishi. Bango la maonyesho yetu ya historia ya Kongo lilitengenezwa hivyo huku Evere, na hapo ubishi ukaanza klabuni: je, karatasi za Kongo ziliungua namna hii?

Kahawia ina haki yake. Karatasi nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Ndani yake mna lignini, ambayo hubadilika rangi ikipata mwanga na hewa, na kwa kuwa hewa hupenya kutoka pembeni, kingo hutangulia kukolea. Anayepaka kahawia pembeni anafuata kemia, hata kama hajui.

Moto ni habari nyingine. Mnamo Agosti 1908, miezi michache kabla ya Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji tarehe 15 Novemba, nyaraka za dola lake zilichomwa hapahapa Brussels, kilomita chache tu kutoka Evere. Matanuri yaliwaka siku nane. Afisa wa mfalme, Gustave Stinglhamber, alisimulia baadaye kwamba alikwenda kuzungumza na rafiki yake ofisini, akakaa juu ya chuma cha kupashia chumba joto, akaruka. Kilikuwa kinaunguza, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi! Walipouliza, waliambiwa kwamba nyaraka za dola zinachomwa.

Tanuri haliachi kingo za kupendeza. Karatasi ikiingia humo hutoka majivu, katikati na pembeni sawia. Ule ukingo mweusi wa kwenye kompyuta unatuambia kwamba moto hula pambizo na kuyaheshimu maneno. Moto wa 1908 uliwashwa kwa sababu ya maneno yenyewe, kwa hiyo kwetu sisi ukingo huo si pambo tu.

Kilichopona kilikuwa nje ya tanuri. Ripoti ya Roger Casement ilikwisha kutolewa Uingereza mwaka 1904. Ushahidi ambao Wakongo waliutoa mbele ya Tume ya Uchunguzi ya 1904–1905 haukuchomwa, lakini ulifungiwa Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuusoma kwa uhuru mpaka miaka ya 1980.

Halafu kuna karatasi ambazo hazikupitia ofisi ya mfalme kamwe. Mwaka 1965, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa niaba ya watu waliokuwa wakipika, wakifua na kutandika vitanda katika nyumba za wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990, na hivyo ikatufikia. Kiswahili chake ni cha Katanga, kile ambacho baadhi yetu tunakisikia nyumbani bibi anapopiga simu, na ambacho mwalimu angekijaza wino mwekundu. Leopold II naye yumo, akisimuliwa na maboi.