Kabla ya Kichupa cha Mkojo

Simulizi iliyozoeleka inaanzia tarehe 15 Septemba 1986. Siku hiyo rais wa Marekani alitia saini Amri Namba 12564, na tangu hapo mtumishi wa serikali kuu aliyetumia dawa za kulevya, awe kazini au nyumbani kwake, alihatarisha ajira yake. Wasimuliaji wengi huishia hapo: amri ikatoka, mikojo ikapimwa, ofisi zikasafishwa. Nimeifuata njia hii kinyumenyume, waraka baada ya waraka, kwa kuwa niliiona simulizi hiyo kuwa nyepesi mno. Je, amri yenyewe inasema hivyo?

Inasema hivyo, na zaidi ya hivyo. Kifungu cha 2 kinaitaka kila idara iwe na huduma ya kuwasaidia watumishi wake: elimu, ushauri nasaha, na kuwaelekeza wenye tatizo kwenye tiba. Kifungu cha 5 kinakwenda mbali zaidi. Mtumishi akijitokeza mwenyewe kabla hajagunduliwa, akapata ushauri au tiba, kisha akaacha, idara hailazimiki kumwadhibu. Maneno hayo yametulia mno kwa amri iliyotungwa katikati ya mshikemshike wa kisiasa. Yanasomeka kama ya watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo. Waliianza lini?

Wapo wanaojibu: jeshini, mwaka 1981. Tarehe 26 Mei ndege ya kijeshi ilianguka ikitua juu ya manowari karibu na pwani ya Florida, na watu 14 wakafa. Mabaki ya bangi yalikutwa katika miili ya baadhi ya mabaharia wa sitahani. Mwishoni mwa mwaka huo jeshi likaruhusu majibu ya mkojo yatumike kutoa adhabu. Simulizi hiyo ina kasoro. Mabaharia hao hawakuwa wakirusha ndege, na mwili wa rubani ulikutwa na dawa ya mafua. Tena, utafiti wa jeshi lenyewe wa mwaka 1980 ulikuwa umeshaonyesha kuwa zaidi ya robo ya wanajeshi waliohojiwa walitumia dawa za kulevya ndani ya siku 30. Ajali iliharakisha uamuzi, haikuuzaa. Na hata tukiikubali, inatupa chanzo cha adhabu, si cha tiba. Nani basi alimwandikia karani wa kawaida haki ya kutibiwa?

Jibu limo katika Sheria Namba 92-255, iliyosainiwa tarehe 21 Machi 1972, miaka 14 kabla ya amri ile. Kifungu cha 413 kiliitaka tume ya utumishi iandae programu za kinga, tiba na urekebishaji kwa watumishi wa kiraia. Kikaongeza kwamba mtu hatanyimwa ajira ya kiraia serikalini kwa sababu tu aliwahi kutumia dawa za kulevya. Ujasusi na nafasi nyeti za usalama vikaachwa nje. Nyuma yake tena ipo Sheria Namba 91-616 ya tarehe 31 Desemba 1970, iliyofanya vivyo hivyo kwa walevi wa pombe, ikisukumwa na seneta aliyewahi kuwa mlevi yeye mwenyewe. Lakini kwa nini ya dawa za kulevya ilifuata upesi hivyo, kabla ya miezi 15 kutimia?

Hapo njia inapita Vietnam. Juni 1971 askari wa Marekani walianza kupimwa mkojo kabla ya kurudishwa nyumbani. Aliyekutwa na heroini alibakizwa kwanza ili mwili usafike. Hofu ilikuwa kwamba waraibu wangejaa mitaani. Utafiti uliowafuatilia ukaleta habari nyingine: kati ya waliokuwa waraibu kule, karibu asilimia 5 tu walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Wapo wanaokipa kipimo sifa hiyo. Mimi nasita. Waliorudi waliacha nyuma pia vita, upweke na heroini ya bei rahisi. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: mraibu anaweza kupata nafuu na kuishi kama wengine. Kama hilo lilijulikana mapema hivyo, mbona mwaka 1986 tunakumbuka kipimo tu?

Kwenye maandishi, tiba haikufutwa. Wiki sita baada ya amri, tarehe 27 Oktoba 1986, Sheria Namba 99-570 ilizihamishia programu zile katika sheria za utumishi wa umma. Kelele ndizo zilizohamia kwingine, hadi mahakamani. Tarehe 21 Machi 1989, miaka 17 kamili tangu sheria ya tiba isainiwe, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba watumishi wa forodha wanaotaka kazi ya kukamata dawa za kulevya au ya kubeba silaha wanaweza kupimwa bila kushukiwa. Kumbukumbu za kesi zinataja waliopimwa 3,600. Waliokutwa na dawa ni 5. Hao wamehesabiwa mmoja mmoja. Waliotibiwa wako wapi?

Majina yao hayamo, na sababu imo katika sheria ileile ya 1972. Kifungu cha 408 kilizifanya kumbukumbu za mgonjwa kuwa siri, kwani bila siri hakuna ambaye angethubutu kujitokeza. Basi karani aliyetibiwa, akarudi mezani kwake na kutumika hadi kustaafu, hakuacha alama. Aliyefukuzwa ana faili, pengine na kesi. Ndiyo maana historia hii husimuliwa kwa upande wa adhabu, ingawa sheria zilianza na tiba. Ukimya wa makabrasha si ushahidi kwamba tiba ilishindwa. Serikali yoyote inayoandaa sera ya namna hii leo lazima ijiulize: je, iko tayari kugharimia mafanikio ambayo kamwe haitaweza kuyatajia jina la mtu?